Akwamarini na wenzake: nililipa laki nne na nusu kununua gundi

KabatiLaMawe (mleta uzi)

Asalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mada ya pete za akiki, kisha nikawa naukimbia, kwa sababu hauanziki bila ya kuanza na aibu yangu. Leo liwalo na liwe.

Kuna jiwe liko juu ya kabati langu, nyumbani Mkunazini. Mgeni akiingia lazima alisifu. Vijiti viwili vya buluu, buluu ya maji ya Nungwi saa nne asubuhi, kila kimoja urefu wa kidole cha shahada, vimesimama juu ya felspa, lile jiwe jeupe la kawaida la mwambani, na chini yake ulanga, madini ya kurasa kurasa, unametameta kama magamba ya changu. Nililinunua kwa kijana aliyeshuka na boti ya asubuhi kutoka Dar, mkoba begani na maneno ya asali. Alisema ni akwamarini ya Tunduru, imetoka ardhini vile vile ilivyo. Nikamtolea laki nne na nusu, na chai nikamnunulia juu yake.

Miezi mitatu nikitamba nalo. Usiku mmoja umeme umekatika, kaka yangu anayefanya kazi duka la kubadilisha fedha akaja na kile kitaa chao cha zambarau cha kukagulia noti. Tukawa tunachezea: noti, kucha, fulana nyeupe. Akalimulika na jiwe langu. Pale vijiti vinapoingia kwenye felspa kukawaka duara mbili, nyeupe kama maziwa. Gundi.

Vijiti ni akwamarini kweli, hilo nimeshalihakikisha. Felspa ni felspa kweli. Ila havikuwahi kuonana mpaka mtu alipovikutanisha mezani. Ni kama kumpiga picha bwana harusi peke yake na bibi harusi peke yake, ukazibandika pamoja ukatangaza ndoa.

Na ningetumia akili badala ya macho ningejua siku ile ile. Tunduru inajulikana kwa mawe ya kwenye changarawe za mito. Mto umeyabingirisha miaka na miaka, pembe zimelika. Sasa kijiti chenye pembe sita kali kama rula, kimekaa juu ya mwamba wake, kitokeje kwenye changarawe? Sawa na kuambiwa embe hili limevuliwa na nyavu.

Nieleze kidogo jiwe lenyewe. Akwamarini ni berili yenye rangi ya buluu au buluu iliyochanganyika na kijani. Zumaridi nayo ni berili. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kilichowatofautisha ni uchafu mdogo tu ulioingia wakati wa kukua: chuma kikiingia unapata buluu ya akwamarini, kromi au vanadi ikiingia unapata kijani cha zumaridi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaikuta berili kwa jina la zabarajadi, kwenye orodha ya mawe ya misingi ya mji katika Ufunuo 21. Na ndani ya berili ndimo Mfaransa Vauquelin alimoigundua elementi ya beriliamu mwaka 1798. Jina akwamarini limetoka Kilatini, maana yake maji ya bahari, wala hapo sina la kuongeza, sisi wa visiwani tunajua.

Lakini ninachotaka kukisema khasa ni hawa wenzake. Akwamarini nyingi nzuri huzaliwa kwenye mwamba unaoitwa pegmatiti. Chukulia sufuria kubwa la uji wa mawe, chini kabisa ya ardhi, linapoa polepole. Madini ya kawaida yanaganda kwanza. Kinachobaki mwishoni ni mchuzi mwepesi wenye maji mengi, umebeba vile vitu ambavyo madini ya kawaida yalivikataa: beriliamu, boroni, florini. Mchuzi huo unajipenyeza kwenye nyufa na kuganda huko. Penye uwazi, kijipango cha kuingia ngumi au hata mtu mzima, fuwele, yaani madini yenye umbo lake la asili kama vile vijiti vyangu, hupata nafasi ya kukua na kutoa nyuso zake zote bila ya kubanwa.

Kwa hiyo ukiona tomalini nyeusi imekaa ubavuni mwa akwamarini, mchuzi ule ulikuwa na boroni. Ukiona fluoriti au topazi, ulikuwa na florini. Felspa, ulanga na kwazi ya moshi, lile jiwe angavu lenye rangi ya moshi, ndio wenyeji wa nyumba. Kipande kimoja kinachoenea kiganjani kinakupa habari ya chungu kizima, na nani alitangulia kuganda, nani alikuja juu yake. Ukiking'oa kijiti peke yake, habari yote hiyo umeitupa. Ndiyo maana wakusanyaji wanaojua hulipa zaidi kwa kijiti kimoja kilichokaa na jamaa zake kuliko vijiti vitano vilivyolegea kwenye kifuko. Na ndiyo maana watu wanabandika.

Siku hizi nikiona kipande siangalii buluu kwanza. Naangalia maungio. Kwenye kipande cha kweli vitu vimeingiliana: ulanga umejichomeka ubavuni mwa berili, sindano za tomalini nyeusi zimezama ndani ya buluu unaziona kama nywele kwenye barafu, chini ya kijiti felspa imekishika kwa sura yake. Kwenye cha kubandika kuna kijishimo kilichotobolewa, na pembezoni pametiwa unga wa mawe na vipande vya ulanga kuficha. Mwamba hautumii unga.

Maswali yaje.

Ngalawa77

Naweka kambi hapa. Pole kwa laki nne na nusu mkuu, ila chai ndiyo imeniuma zaidi.

Swali: kule Gizenga na Hurumzi madukani kuna topazi ya buluu tele, na zote kwangu ni buluu tu. Nitajuaje hii akwamarini, hii topazi, hii chupa?

KabatiLaMawe

Topazi ya buluu ya madukani kwa kawaida ilikuwa haina rangi, ikapigwa mionzi na kutiwa moto. Buluu yake huwa imekolea kupita kiasi, ya kung'ang'ania macho. Lakini rangi usiitegemee. Tegemea mizani.

Tafuta ile mizani ndogo ya dijitali ya kupimia dhahabu. Pima jiwe, andika. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi mwembamba na ulining'inize ndani ya maji bila ya kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 27 likisoma 10, umepata 2.7: hapo ndipo ilipo akwamarini. Topazi inakupa karibu 3.5, hapana kubishana. Kioo cha kawaida mara nyingi kiko 2.5 hivi, na ukitazama kwa lenzi utaona vipovu vya duara.

Kwazi ndiyo inayosumbua, 2.65, iko mlango wa pili. Hapo angalia umbo. Kijiti cha berili kina pande sita, kichwa chake mara nyingi ni bapa kama kimekatwa kwa msumeno, na michirizi yake inakwenda kwa urefu. Kwazi kichwa chake kimechongoka na michirizi yake inakata kwa upana. Na ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayovaa manahodha wa watalii, itazame fuwele kwa ubavu huku ukiizungusha miwani: buluu ya akwamarini itakolea na kupauka, kukolea na kupauka. Kioo hakifanyi hivyo.

Tahadhari: mizani ni kwa jiwe lililo peke yake. Likiwa na mwamba wake, unapima ukoo mzima.

FundiWaSokomuhogo

Kijana wangu, nimesoma yote. Nimekaa kwenye benchi la usonara tangu kabla hujazaliwa pengine. Jiwe likikaa kabatini na udongo wake ni la kuliwa na vumbi. Jiwe likikatwa, likatiwa kwenye fedha, mtu akalivaa, ndipo limekuwa kito. Hizo felspa na ulanga zenu sisi tulikuwa tunazitupa ndooni.

KabatiLaMawe

Shikamoo mzee wangu. Sibishani na kazi ya mikono yako, pete ya babu yangu pengine imepita hapo hapo benchini kwako. Lakini nikupe kisa.

Miaka ya mwisho ya 1980, Minas Gerais, Brazili, wachimbaji walitoa fuwele moja ya akwamarini urefu karibu mita moja. Ikawaponyoka, ikavunjika vipande vitatu. Viwili vikakatwa vito vidogo vidogo. Leo hapana anayejua viko vidole gani. Kile kikubwa akakichukua fundi Mjerumani, Bernd Munsteiner, akakichonga kuwa nguzo moja ya sentimita 35. Inaitwa Dom Pedro, karati 10,363, yaani kilo mbili na ushei, na iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Watu wanapanga foleni kuitazama.

Nakubali, hata hiyo imechongwa. Lakini mimi kila nikisoma habari yake nafikiria ile mita moja, na pale ilipokuwa imesimama kabla ya mtu kuigusa. Picha ya hilo sijapata kuiona.

FundiWaSokomuhogo

Marahaba. Umenikumbusha jambo nisilolipenda.

Bwana mmoja aliniletea jiwe kama hilo lako, la kweli lakini, alilitoa Msumbiji. Kijiti kinene cha dole gumba kimeshikana na tomalini na jiwe jeupe. Akataka kidani cha mkewe. Nikaweka patasi, nikapiga kidogo kidogo, kwa adabu. Kikatoka nusu, nusu ikabaki. Nusu iliyotoka ilikuwa na nyufa sizijui zimetoka wapi. Nikapata punje mbili za kutia kwenye hereni. Mwenyewe aliridhika. Mimi nilikwenda nyumbani sikula.

Hilo la moto nalo watu walijue. Akwamarini inayotoka ardhini mara nyingi ina ukijani. Mafundi huitia moto wa kiasi cha nyuzi 400 na kitu ukijani ukatoka ikabaki buluu tupu, kama vile tanzanaiti ya Mererani inavyotiwa moto ikaacha udhurungi. Haibainiki kwa macho, na haipauki tena. Ila utie moto jiwe safi. Lenye nyufa na vijifuko vya maji ndani litakupasukia. Kwa hiyo hicho kipande chenye ulanga na jamaa zake kikiwa na ukijani kidogo, usikidharau. Ni dalili kwamba hakijaguswa.

KabatiLaMawe

Mzee, hiyo aya ya mwisho nitaichapisha niibandike ukutani.

BahariaWaZamani

Nimeingia kwa kuchelewa. Nimekaa meli miaka mingi, na Walvis Bay tukipandisha samaki nilikuwa napata siku mbili tatu za kupanda bara, mpaka milima ya Erongo. Namibia hiyo. Barabarani wachimbaji wamepanga mawe juu ya meza za mbao: akwamarini na tomalini nyeusi iliyo nyeusi kuliko lami, felspa, kwazi ya moshi, fluoriti. Tomalini ya kule peke yake inatosha kumfilisi mtu.

Nataka kumrekebisha mleta uzi. Kitaa cha noti kisikufanye kadhi. Baadhi ya vipande vya Erongo vimepakwa utando wa opali inayoitwa hialiti, ukiutazama mchana ni kama mate ya konokono, ukimulika unawaka kijani kikali. Kijana mmoja tuliyekuwa naye melini alikitupa kipande chake akidhani ni gundi! Fluoriti nayo inaweza kuwaka buluu. Na zipo gundi zisizowaka kabisa. Kwa hiyo uliza linawaka *wapi*. Likiwaka juu ya nyuso, ovyo ovyo kama rangi iliyomwagika, huenda ni madini. Likiwaka duara pale tu kijiti kinapoingia kwenye mwamba, mwite aliyekuuzia.

Jambo jingine, kuunganisha na kubandika si mamoja. Fuwele iliyovunjika kwenye kuchimbwa, ikarudishwa pale pale ilipotoka na muuzaji akakwambia wazi, hiyo ni halali, na bei inashuka kwa haki. Vipande vingi vya Shigar, kaskazini ya Pakistani, vile vya buluu juu ya ulanga wa rangi ya fedha na albaiti nyeupe, hutoka milimani juu sana kwa baruti, na vingi vimeungwa. Mimi ninacho kimoja kimeungwa na nakipenda. Kinachouma ni kuficha.

KabatiLaMawe

Umenisahihisha na nimekubali. Ahsante sana. Waongeze na hili: vichwa vya fuwele vilivyosuguliwa. Kichwa kikivunjika wanakisugua mpaka king'ae. Kichwa cha asili ukikitazama kwa lenzi kina vijingazi, vijishimo, alama za kukua. Kilichosuguliwa ni laini kama simu mpya, na kingo zake zimelainika.

BintShangani

Jamani mimi mume wangu aliniletea kipande cha namna hii kutoka Arusha, kina vumbi na kutu ya njano kwenye mianya. Nimekirowesha kwenye maji ya ndimu kama tunavyosafisha vyombo vya shaba. Nimefanya kosa?

KabatiLaMawe

Dada, kitoe SASA HIVI halafu ndiyo uendelee kusoma.

Akwamarini yenyewe haina shida na ndimu, ugumu wake ni 7.5 mpaka 8 na asidi ya jikoni haiifanyi kitu. Wenzake ndio watakaokufa. Kama kuna kalisaiti, ndimu inaila. Apataiti nayo inalika, uso wake unakuwa mfu. Kisuuze kwa maji mengi, kisha maji ya sabuni ya vuguvugu na mswaki laini wa mtoto, polepole karibu na ulanga maana unachubuka kwa kurasa kama kitabu kilichorowa. Fluoriti usiibadilishie joto kwa ghafla, inapasuka. Usichemshe. Na usimruhusu mtu akitie kwenye mashine ya kutikisia ya kusafishia vidani.

Kutu ya njano ikibaki, iache. Imekuja nayo.

BintShangani

Nimekitoa. Kilikuwa kinatoa vipovu kidogo pembeni kwenye jiwe jeupe, nikafurahi nikidhani ni uchafu unatoka 😭

KabatiLaMawe

Hiyo nyeupe inayotoa povu ndiyo kalisaiti. Iliyobaki ishukuru. Na kiweke mbali na dirisha la jua: akwamarini ya kawaida haipauki, lakini fluoriti na kwazi ya moshi zinaweza kupauka. Kuna na berili moja ya buluu nzito ajabu, inaitwa Maxixe, ilionekana Brazili mwaka 1917, hiyo jua linaifuta rangi kabisa. Akitokea mtu na buluu ya wino kwa bei ya huruma, mwambie utaiweka juani wiki moja kabla ya kulipa. Utaona anavyokumbuka kwamba ana boti ya saa sita.

MpembaWaWete

Nami nna langu. Miye nliokota kijiwe cha buluu pwani ya Vumawimbi, kikubwa kama kungu, kimelainika, ukikiweka juani kinapitisha mwanga. Watu hapa washanambia ni akwamarini, mwengine kashataka kunipa elfu themanini. Niuze au ningoje mzungu?

KabatiLaMawe

Sheikh wangu, nitakukatisha tamaa kwa upole. Unguja na Pemba ni mawe ya chokaa ya matumbawe, mchanga na udongo. Pegmatiti hatuna. Na kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha karibu mita 800, kwa hiyo hapana mto uliokuletea changarawe ya Morogoro. Akwamarini yoyote utakayoiona visiwani imeshuka na boti au na ndege, kama mimi nilivyoshukiwa.

Lakini usiuze wala usitupe kabla ya kupima. Fanya ile ya gilasi na uzi.

Ngalawa77

Elfu themanini chukua mkuu, kisha kaa kimya 😂

MpembaWaWete

Ndo kukaa kimya huko kulikomfikisha mleta uzi kwa yule kijana wa mkoba.

KabatiLaMawe

Hapo nimekosa la kusema.

Ngoja nigusie vibandiko, vile vikaratasi vya maelezo ya jiwe, kabla sijalala, maana wengi mmeuliza inboksi "nianzie wapi". Anzia na kibandiko. Kipande kisicho na maandishi ya kilikotoka, kwa mkusanyaji, ni kama maiti iliyookotwa pwani. Andika madini yote unayoyaona, mahali kwa udogo uwezao, mgodi au kijiji na siyo "Tanzania" tu, nani kakuuzia, lini, na kama kimeungwa. Karatasi ndogo, wino usiofutika, ikae chini ya jiwe siku zote. Ukibadilishana, kibandiko cha zamani hakitupwi. Unaongeza chako nyuma yake.

Ukinunua bara, kuna masoko ya madini yaliyoanzishwa kuanzia 2019, nunua huko au kwa dalali mwenye leseni, udai risiti, na kama unataka kulitoa jiwe nje ya nchi uliza vibali kabla ya kulipa, siyo ukiwa kwenye foleni uwanja wa ndege. Kijana wangu wa boti hakuwa na risiti. Nilimwomba namba ya simu akanipa. Haijapata kuita.

Na lile jiwe langu bado liko kabatini. Nimeliandikia: "Akwamarini, mahali hapajulikani. Felspa na ulanga, mahali pengine hapajulikani. Gundi, ya Dar."

FundiWaSokomuhogo

Nimecheka mpaka mke wangu kaja kutazama.

MpembaWaWete

Nimepima leo kwa sonara wa Chake. Jiwe gramu 30, kwenye maji mizani imesoma 12. Nikagawa mara tatu, ile ile: 2.5. Sonara katia lenzi, kakuta kipovu kimoja, duara, katikati kabisa. Chupa.

Yule wa elfu themanini nimemwambia ukweli, kaondoka kanuna kama miye ndiye niliyemwibia. Kijiwe nimekiweka dirishani, karatasi chini yake: "Kioo. Vumawimbi, Pemba. Nimekiokota mwenyewe. Hakijaungwa."